Safari ya Majimoto: Somo la Maji ya Moto na Nyayo Zenye Ganzi

Wagonjwa wengi huuliza swali lao kubwa wakiwa wamekwisha kusimama, mkono umekwisha kushika kitasa cha mlango. Ndivyo alivyofanya mama mmoja wa Manchira, wilayani Serengeti, aliyekuwa akihudhuria kliniki ya kisukari kwa mwaka wa tatu. Sukari yake ilikuwa imepimwa, dawa zimeandikwa, na mwanawe alikuwa nje akitafuta usafiri. Akageuka na kusema: "Mwanangu, miguu hii imekufa ganzi. Watu wananiambia niende Majimoto nikailoweke. Jumamosi tunakwenda na wajukuu. Kuna ubaya?"

Mimi nilikuwa nimekwisha kufungua jalada la mgonjwa anayefuata. Nilimjibu bila kuinua uso: "Hakuna ubaya, mama. Nendeni mkapumzike."

Nilipomwona tena alikuwa wodini. Nyayo zote mbili zilikuwa na malengelenge makubwa, mengine yamepasuka, na vidole viwili vya mguu wa kushoto vimegeuka rangi. Hakuwa amepiga kelele siku ile ya Jumamosi, wala hakuwa ameruka kutoka majini. Alikaa juu ya jiwe, miguu ikiwa ndani ya maji, akala hindi la kuchoma na kuwasimulia wajukuu habari za ujana wake. Wajukuu waligusa maji yale wakakimbia wakicheka. Yeye akawaambia mbona ni vuguvugu tu. Aliyeona kwanza ni binti wa miaka minane aliyesema, "Bibi, ngozi yako inatoka." Vidole viwili vile hatukuweza kuviokoa.

Nayaandika haya kwa ruhusa yake. Kwa kweli ni zaidi ya ruhusa. Nilipomwomba radhi kando ya kitanda, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwamba mguu ukipona tutakwenda Majimoto pamoja, nikaonyeshe hadharani namna ya kuoga, kwa kuwa majirani zake wote wenye sukari wanajiandaa kwenda. Somo hili limetokana na deni hilo.

Maji hupata wapi joto

Majimoto imo katika nchi ya Wangoreme, upande wa kaskazini-magharibi wa Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti. Ni kata yenye jina lililotokana na chemchemi yake, kama zilivyo sehemu nyingine nyingi za Tanzania zinazoitwa Maji Moto, kuanzia kando ya Ziwa Manyara hadi Katavi. Mtu anayetoka Manchira, mahali palipo na bwawa linaloipatia Mugumu maji, huondoka kwenye maji baridi ya kunywa na kwenda kwenye maji ya moto ya kuoga bila kutoka nje ya wilaya moja. Wageni wengi wa Serengeti hawajui habari hizi, kwa kuwa macho yao yamewekwa kwenye nyumbu.

Wengi hudhani kwamba penye maji ya moto lazima pawe na volkano chini yake. Si lazima. Ardhi huongezeka joto kwa kadiri ya nyuzi 25 hadi 30 za Selsiasi kwa kila kilomita moja tunayoshuka. Mvua inayonyesha juu ya miinuko hupenya polepole katika nyufa za miamba, hushuka kina kirefu, hupashwa joto, kisha hupata ufa mwingine unaoiruhusu kupanda haraka kabla haijapoa. Mkoa wa Mara una miamba mikongwe sana, na miamba hiyo imekatwa na nyufa kubwa. Maji yanayotoka leo katika jicho la chemchemi yanaweza kuwa mvua iliyonyesha zamani sana, kabla ya yeyote kati yetu kuzaliwa.

Jambo hili lina maana ya kitabibu kwa namna mbili. Kwanza, joto la chemchemi si moja. Penye jicho, mkono hauvumilii kukaa. Hatua kadhaa chini ya mkondo, maji yamekwisha kupoa kwa kugusana na hewa na mawe. Mbele zaidi mtoto anaweza kucheza. Mtu akisema "maji ya Majimoto yana joto la kadiri hii," muulize alipimia wapi, na baada ya mvua au wakati wa kiangazi. Pili, maji yaliyokaa muda mrefu ndani ya mwamba yakiwa na joto huyeyusha madini mengi kuliko maji ya kisima cha kawaida. Nitalirudia jambo hilo nikifika kwenye madumu.

Siku moja Beppu

Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa Japani kwa mafunzo mafupi, wenyeji wetu walitupeleka kutembea Beppu, mji wa kisiwa cha Kyushu wenye chemchemi za moto zaidi ya 2,000. Moshi hutoka kwenye mifereji ya barabarani kana kwamba chini ya lami kuna jiko la mama ntilie. Tulianza na sehemu zinazoitwa jigoku, yaani jehanamu. Moja ni bwawa la buluu kama bahari ya Pemba mchana wa jua kali. Ukilitazama unatamani kujitupa ndani, na maji yake yanakaribia kuchemka. Jingine ni jekundu kama damu kwa sababu ya udongo wenye chuma. Mayai huchemshwa kwa mvuke na kuuzwa hapo hapo. Nilikula mawili.

Kilichonikaa moyoni ni uzio. Jehanamu zote zimezungushiwa uzio, na hakuna anayeoga ndani yake. Wajapani wametenga maji ya kutazamwa na maji ya kuogwa, na kati ya hayo mawili kuna kazi ya mtu: kupoza, kupima, kusimamia. Katika bafu tulilopelekwa jioni, maji yalikuwa kati ya nyuzi 40 na 42. Kabla ya kuingia, kila mtu alikaa kwenye kigoda akajisugua kwa sabuni na kujisuuza hadi povu likaisha. Kisha akachota maji ya bafu kwa bakuli na kujimwagia, akianza na miguu na kupanda polepole kuelekea kifuani. Nilidhani ni adabu tu. Daktari mzee aliyekuwa nasi alinieleza kwamba ni adabu na pia ni tiba: mishipa ya damu hupewa taarifa kabla ya mwili mzima kuzama.

Nchi ile ina sheria ya chemchemi tangu 1948. Inataja kwamba maji yataitwa ya chemchemi ya moto ikiwa yanatoka ardhini yakiwa na nyuzi 25 au zaidi, au yakiwa na kiasi kilichowekwa cha madini fulani. Kwa kipimo hicho, mabomba mengi ya Dar es Salaam mwezi wa Februari yangeomba leseni. Hata hivyo nia yake ni njema: jambo linaloitwa dawa lazima lielezwe kwa namba. Huko Beppu, Chuo Kikuu cha Kyushu kilianzisha taasisi ya kuchunguza tiba kwa maji ya chemchemi mwaka 1931.

Lakini mfano unaofaa zaidi kwa somo letu sikuuona Beppu; niliusoma baadaye. Ni mji wa milimani uitwao Kusatsu. Maji yake ni makali kama siki kali na hutoka yakiwa na joto lisilovumilika. Wenyeji hawakutaka kuyachanganya na maji baridi, kwa kuwa waliamini yangepoteza nguvu, hivyo walibuni utaratibu wa kuyakoroga kwa mbao ndefu, wakiimba kwa zamu, hadi yapoe. Waogaji waliingia kwa kundi, kwa amri ya msimamizi, na kutoka baada ya dakika 3 tu, naye akiwahesabia muda kwa sauti. Daktari Mjerumani Erwin Bälz, aliyefika Japani mwaka 1876 kufundisha utabibu Tokyo, aliusifu mji huo kwa wenzake wa Ulaya.

Miongoni mwa waliokimbilia Kusatsu walikuwa wagonjwa wa ukoma, waliofukuzwa kwingine kote na kujijengea mtaa wao pale. Maji hayakuwaponya. Ukoma husababishwa na bakteria waishio ndani ya ngozi na mishipa ya fahamu, na bakteria hao walikuja kushindwa kwa vidonge. Tiba ya mchanganyiko wa dawa iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1981 ndiyo tunayoitumia hadi leo. Na ugonjwa huo huo uliowapeleka kwenye maji ya moto ndio uliowanyima kinga ya maji hayo, kwa kuwa ukoma huua hisia za mikono na miguu. Aliyeketi pale bila msimamizi wa kuhesabu dakika alikuwa katika hali ile ile ya mama yangu wa Manchira juu ya jiwe lake.

Mguu usiosikia

Sasa tuutazame mguu wenyewe. Kisukari kinachodumu kwa miaka bila kudhibitiwa huharibu mishipa ya fahamu, na huanza na ile mirefu kuliko yote, yaani inayofika nyayoni. Nyuzi zinazobeba habari za maumivu na joto ni nyembamba na huumia mapema. Mgonjwa husema miguu "inawaka," kisha "inatembea sisimizi," kisha siku moja anafurahi kwamba maumivu yamekwisha. Furaha hiyo inapaswa kututia hofu. Mara nyingi maumivu hayakupona. Aliyekuwa akiyatangaza ndiye aliyekufa.

Kuna dhara la pili ambalo hata wauguzi wazoefu hulisahau. Ngozi nzima ikipata joto, mishipa yake ya damu hupanuka, na damu inayopita huchukua joto na kulisambaza mwilini, kama mto unavyobeba takataka. Mguu wa mwenye kisukari wa muda mrefu mara nyingi una mishipa iliyosinyaa. Joto likiingia halina wa kulibeba. Linabaki pale pale na kuivisha nyama. Kwa hiyo mguu huo huungua katika maji ambayo mguu wa jirani ungeyavumilia.

Kuhusu muda, tunazo namba tangu 1947, Moritz na Henriques walipochapisha majaribio yao ya kuunguza ngozi. Katika nyuzi 60, sekunde 5 zinatosha kuiunguza ngozi ya mtu mzima hadi ndani. Katika nyuzi 55 ni kama nusu dakika. Katika 50 ni kama dakika 5. Katika 44 yanahitajika masaa yapatayo 6. Tazama jinsi ngazi hiyo inavyoteremka: tofauti ya nyuzi 10 kati ya 50 na 60 inageuza dakika kuwa pumzi moja. Ngozi ya mtoto na ya mzee ni nyembamba, na kwao muda ni mfupi zaidi. Binadamu mwenye hisia hana haja ya kuzikariri namba hizi, kwa kuwa mguu wake utamtoa majini kabla akili haijafikiri. Asiye na hisia hana kingine isipokuwa namba.

Je, utajuaje kama mguu wako unasikia? Kliniki tunatumia uzi wa nailoni unaojikunja ukibonyezwa kwa uzito wa gramu 10. Nyumbani kipo kipimo kisichohitaji chombo chochote. Mgonjwa alale, afumbe macho. Ndugu yake aguse kwa ncha ya kidole, kwa wepesi, bila kubonyeza wala kupapasa, ncha ya kidole gumba cha mguu, kisha cha katikati, kisha cha mwisho, mguu wa kulia na wa kushoto, kwa sekunde moja au mbili kila kimoja. Ni migusano 6. Asiyeihisi miwili au zaidi ana upungufu wa hisia na aje kliniki aangaliwe. Mama yangu wa Manchira alipopimwa hivyo akiwa wodini hakuhisi hata mmoja. Kipimo hicho kingenichukua nusu dakika siku ile alipokuwa mlangoni.

Faida iliyopo, na wanaopaswa kukaa kando

Nisingependa msomaji afikiri kwamba nawacheka wanaokwenda Majimoto. Maji ya moto yana faida, na watu hawakuzigundua kwa kusoma majarida. Mwili ukizama majini hupungukiwa uzito, viungo hupumzika. Joto hulegeza misuli na kupunguza maumivu. Wenye magoti yaliyolika na wenye maumivu ya mgongo ya muda mrefu hupata nafuu ya kweli, ingawa ya muda, na wengi hulala vizuri usiku ule. Katika wilaya ya Sheema, Uganda, chemchemi za Kitagata ni mbili: moja inanasibishwa na mfalme wa Ankole, nyingine wananchi wameipa jina la Mulago, yaani hospitali kuu ya taifa lao. Huko Rustaq, Oman, ndugu zetu wengi wanaozungumza Kiswahili wanaifahamu Ain al-Kasfah, inayoogwa na wenye baridi yabisi na magonjwa ya ngozi. Watu hawaliiti jambo hospitali bure.

Hata hivyo nafuu ya goti si tiba ya kisukari wala ya ganzi. Hakuna maji yanayofufua mshipa wa fahamu. Kinachozuia ganzi isiendelee ni sukari iliyodhibitiwa, na kinachouokoa mguu ni kiatu, ukaguzi wa kila jioni na kidonda kuonyeshwa mapema.

Mwenye shinikizo la damu anaweza kuoga, lakini ajue kinachotokea ndani yake. Anapozama hadi shingoni, maji huusukuma mwili kutoka pande zote na kadiri ya mililita 700 za damu huhama kutoka miguuni na tumboni kwenda kifuani. Moyo wenye afya huipokea. Moyo uliochoka unaweza kushindwa, na mtu akaanza kuhema. Kwa hiyo mwenye ugonjwa wa moyo asizame kupita kiuno bila ushauri. Kisha huja hatari ya kutoka. Mishipa imepanuka kwa joto, dawa ya presha nayo imeipanua zaidi, mtu anasimama ghafla, damu inateremka, anaanguka juu ya mawe. Japani hupoteza wazee wengi kila mwaka katika mabafu ya nyumbani, hasa wakati wa baridi, kwa mabadiliko kama hayo. Pombe huongeza hatari hiyo maradufu, na ningeomba anayebeba kreti kwenda chemchemini alifungue baada ya watu kuoga, si kabla.

Anayechoma insulini asiende kuoga mara baada ya kuchoma. Joto huharakisha dawa kuingia katika damu, na sukari inaweza kushuka ghafla. Mjamzito, hasa wa miezi mitatu ya mwanzo, asikae katika maji yanayopandisha joto la mwili wake mzima, kwa kuwa joto la ndani likipita nyuzi 39 mtoto anaweza kuathirika katika uti wa mgongo na ubongo. Kunawa na kujimwagia hakuna tatizo.

Mwenye kidonda kibichi akae nje, kwa ajili yake na kwa ajili ya wenzake. Maji yanayotiririka kutoka ardhini huwa na usalama kuliko yaliyotuama. Mwaka 2002 huko Hyuga, Japani, bafu jipya lililokuwa likizungusha maji yale yale liliwaambukiza watu wapatao 295 homa ya mapafu ya lejionela, na 7 walifariki. Bakteria huyo hustawi katika maji vuguvugu yaliyokaa. Ipo pia amiba, adimu sana lakini ya kuua, ipendayo madimbwi ya joto na kuingia kupitia puani. Kwa sababu yake nawaambia watoto wasizamishe vichwa wala kuvuta maji puani. Na pale mkondo unapopoa kabisa na kuota majani, konokono wa kichocho wanaweza kuishi kama wanavyoishi kandokando ya ziwa. Maji hayo yamekwisha kuacha kuwa ya chemchemi. Ni dimbwi kama dimbwi lingine.

Madumu

Nimeona watu wakijaza madumu kwenda kunywa nyumbani, wengine wakiwapa watoto wachanga kama dawa ya tumbo. Hapa sina njia ya kupamba maneno: msinywe maji ya chemchemi ya moto ambayo hayajapimwa maabara. Maji yaliyopashwa joto ndani ya miamba kama yetu mara nyingi huwa na floraidi nyingi, na kaskazini mwa Tanzania tatizo hilo ni la zamani. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto anayekunywa zaidi ya hapo katika miaka 8 ya mwanzo, meno yake ya kudumu yanapotengenezwa ndani ya ufizi, huota meno ya kahawia yenye mashimo. Akiendelea kwa miaka mingi, mifupa hukakamaa na kupinda. Kuchemsha hakuondoi floraidi. Maji yanapopungua kwa mvuke, floraidi inabaki, na hivyo maji yaliyochemshwa sana huwa nayo zaidi. Tahadhari hiyo hiyo inagusa magadi tunayolainishia maharage na makande. Kuoga, kwa upande mwingine, hakuingizi floraidi ya kutia wasiwasi mwilini.

Safari ya pili

Mguu ulipona baada ya miezi mitano. Tulikwenda siku ya Jumamosi, mimi, yeye, mwanawe, mkaza mwana na wajukuu wanne katika gari aina ya Noah, tukitoka Manchira alfajiri ili tufike kabla ya jua kupanda. Mama alikuwa amekunywa chai na kula viazi. Vidonge vyake vilikuwa katika mkoba, pamoja na pipi kwa tahadhari ya sukari kushuka. Tulibeba beseni mbili, kata, ndoo, dumu la maji baridi ya kuchanganyia na mengine ya kunywa, na kipimajoto cha maji nilichokinunua mwenyewe.

Tulipofika tuliwasalimu wazee waliokuwepo na kuwaeleza nia yetu, kwa maana pahala hapo pana wenyewe. Mzee mmoja aliposikia kwamba daktari amekuja kufundisha watu kuoga, alicheka hadi akashika fimbo kwa mikono miwili. Kisha akaniambia jambo ambalo singelipata kitabuni: kwamba zamani mtoto hakuruhusiwa kulikaribia jicho, na mgeni alionyeshwa na mwenyeji mahali pa kukaa. Nikamwambia kwamba Japani wanafanya vivyo hivyo. Akasema inawezekana walijifunza hapa.

Kwanza tulichota maji ya moto kwa ndoo, mbali na jicho, na kuyatia katika beseni yenye maji baridi ndani yake. Mpangilio huo ni wa makusudi, baridi kwanza na moto baadaye, ili mtoto akijikwaa asiingie katika beseni ya maji ya moto matupu. Kipimajoto kilisoma 39. Kisha mkaza mwana akazamisha kiwiko chake, kwa kuwa kiwiko husema kweli kuliko kiganja kilichozoea sufuria. Mama akanyoosha mguu. Nikamzuia.

Hakupenda. "Si umepima?" akauliza. Nikamweleza kwamba kwa mguu wake, wenye kovu na usiohisi kabisa, hata maji yaliyopimwa sipendi aloweke, kwa kuwa kuloweka hulainisha na kupasua ngozi, na ufa mdogo kati ya vidole ndiyo njia ya usaha. Mabega, mikono, mgongo na magoti yake yanasikia vizuri. Hayo ndiyo yatakayooga. Alikaa kimya kidogo. Kisha akaketi kwenye kigoda kivulini, viatu vikiwa miguuni na khanga imefunika magoti, na mkaza mwana akammwagia kata baada ya kata mabegani kwa dakika kumi. Tukaweka taulo lililoloweshwa na kukamuliwa juu ya magoti. Alifumba macho. Alipotaka kuinuka tulimwomba akae dakika mbili zaidi, kisha asimame akiwa ameshika bega la mwanawe.

Watu walikuwa wamekusanyika. Mama mwingine aliuliza: mtu akiungua afanye nini, maana kwao hupaka dawa ya meno. Nilijibu kwamba aondolewe majini, avuliwe pete na bangili kabla hajavimba, na sehemu iliyoungua iwekwe chini ya maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20 kamili. Dumu lililotobolewa kizibo linafaa. Faida hiyo ipo hata kama zimepita saa mbili au tatu. Si barafu, si dawa ya meno, si yai, si samli, si samadi. Malengelenge yasitumbuliwe. Kifunikwe kwa kitambaa safi na aende kituo cha afya siku ile ile, aulizwe pia habari za chanjo ya pepopunda. Mwenye kisukari aende hata kama haumwi, kwa sababu kutoumwa kwake si ushahidi wa lolote.

Tuliwapima watu 11 kwa mguso wa vidole, pale pale chini ya mti. Wawili hawakuhisi. Mmoja alikuwa dereva wetu, mtu wa makamo ambaye hakuwahi kupimwa sukari maishani, na alikuwa amekwisha kuvua viatu.